Mita ya umeme haijui umri wa mwenye nyumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuumiza sisi tunaoishi pembezoni mwa mji wa Kasulu, mkoani Kigoma, na ambalo naamini linawaumiza pia wenzetu wa miji midogo mingi nchini, ingawa halisikiki sana kwa kuwa wanaoumia ni wazee na wakulima wasio na mazoea ya kuandika magazetini. Jambo lenyewe ni kodi ya majengo inayokatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla.

Sipingi kodi, na sitaki barua hii isomwe kana kwamba nawahimiza watu wasilipe. Barabara tunazitaka, zahanati tunazitaka, na fedha zake hazianguki kutoka mbinguni. Nakubali pia kwamba utaratibu ulioanza Agosti 2021 uliwaondolea wengi adha ya kupanga foleni, na kwamba kabla ya hapo nyumba nyingi hazikulipa chochote. Ninachopinga ni kukata fedha kwa kifaa ambacho hakimjui anayekatwa.

Kodi hiyo ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nimekwisha kuambiwa mara nyingi, tena na watu wenye elimu yao, kwamba shilingi 1,500 ni bei ya soda mbili na kwamba mtu mzima hana haki ya kuilalamikia. Naomba tufanye hesabu kwa nyumba moja ninayoijua, nyumba ya mama yangu mzazi.

Ni nyumba ya vyumba vitatu, ya tofali za kuchoma na bati, aliyoijenga na marehemu baba kwa fedha za maharage na mawese, msimu baada ya msimu. Ina taa tatu za wati tisa, redio, na soketi ya kuchajia simu. Taa hizo zikiwaka saa tano kila usiku hutumia takriban uniti nne kwa mwezi, na ukiongeza redio na simu hazizidi tano. Kwa mtumiaji mdogo kama yeye, uniti moja pamoja na tozo zake ni kama shilingi 122. Umeme wa mama yangu kwa mwezi mzima, basi, ni kama shilingi 610, na kodi anayokatwa ili aupate ni 1,500. Kodi ni zaidi ya mara mbili ya umeme wenyewe. Anayenunua umeme wa 50,000 kwa mwezi kwa ajili ya friji, jiko na kiyoyozi hawezi kuiona kodi hii kwenye risiti yake, ila kwa mama yangu kodi ndiyo risiti.

Mwaka jana alikwenda kumuuguza dada yangu na akakaa huko tangu mwanzo wa mwezi hadi miezi minne ikaisha, huku nyumba ikiwa imefungwa. Aliporudi mwezi wa tano nilimpeleka kwa wakala aliye karibu na mashine ya kusaga, akatoa shilingi 8,000 alizokuwa amezifunga kwenye pindo la kitenge. Wakala akabonyeza simu, akasoma ujumbe, akanyamaza, kisha akausoma tena kwa sauti: deni la miezi mitano, shilingi 7,500, limekatwa, na umeme uliopatikana ni wa shilingi 500. Mama hakubishana na mtu. Aliuliza tu kama zile uniti nne zingefika Jumapili, akaondoka. Jioni nilimkuta amewasha koroboi jikoni na taa zote zimezimwa, akaniambia, "Mwanangu, huu wa serikali nautunza kwa ajili ya mgonjwa akija."

Ndugu Mhariri, mama yangu ana miaka 71. Sheria inasema wazi kwamba mtu aliyetimiza miaka 60 anayeishi katika nyumba yake mwenyewe amesamehewa kodi hii kwa nyumba hiyo. Kumbe katika miezi hiyo mitano hakupaswa kukatwa hata senti moja, wala katika miaka yote iliyotangulia. Sheria imemsamehe, lakini mita haina habari.

Tulijaribu kuipa habari. Safari ya kwanza ofisini tulirudishwa tukalete barua ya mtendaji wa mtaa, na nauli ya bodaboda kwa watu wawili kwenda na kurudi ikazidi kodi ya miezi mitatu. Safari ya pili barua tulikuwa nayo, pamoja na kitambulisho cha taifa kinachoonyesha mwaka wake wa kuzaliwa, lakini ikaonekana kwamba mita imesajiliwa kwa jina la baba, ambaye ni marehemu. Tukaambiwa kwamba mwenye nyumba kwa mujibu wa kumbukumbu si mama, na kwamba tukafungue mirathi kwanza. Ili mjane asamehewe shilingi 1,500 kwa mwezi inabidi aende Mahakama ya Mwanzo, aitishe kikao cha ukoo, asubiri muda wa tangazo, alipie nakala na nauli za mashahidi. Simlaumu ofisa aliyetuhudumia, kwa kuwa alitueleza kwa upole na alifuata utaratibu aliopewa. Ni utaratibu wenyewe ninaousema, na wajane wenye mita zilizobaki na majina ya waume zao huku kwetu si wachache.

Kuna jambo jingine linalotukereketa. Wakati wa kuunganishiwa umeme, wengi wetu tulihesabiwa kuwa watu wa vijijini na tukalipia shilingi 27,000 za umeme vijijini, jambo ambalo tunalishukuru kwa dhati. Tuliona fahari siku gridi ya taifa ilipofika Kasulu mwaka 2022 na majenereta ya mafuta yakazimwa. Lakini inapofika kodi ya majengo, sisi ni wakazi wa mji. Mji wenyewe ni mashamba ya maharage na mahindi, migomba imezunguka nyumba, maji ya kisima, na njia ambayo masika bodaboda haipiti. Nyumba ya namna hiyo inatozwa shilingi 18,000 kwa mwaka, sawasawa na nyumba isiyo ya ghorofa yenye uzio na bustani iliyoko Masaki, Dar es Salaam, ambayo kodi yake ya pango kwa mwezi mmoja inaweza kununua nyumba ya mama yangu na shamba lake. Nyumba za udongo na za nyasi zimesamehewa, na ni haki. Lakini mtu akishavunja ya udongo na kuchoma tofali, hata kama kipato chake hakikuongezeka, anaingia daraja moja na tajiri wa Masaki. Ni kama anatozwa kwa kujitahidi.

Matokeo yake nayaona kwa macho. Vijana wanaojenga hawaombi mita tena, bali wanavuta umeme kwa jirani kwa waya uliofungwa juu ya mti wa mwembe na kufunikwa mfuko wa plastiki. Hatari yake haihitaji maelezo. Lakini hata kwa hesabu ni hasara, kwa sababu nyumba tatu zikitumia mita moja zinaweza kuvuka uniti 75 kwa mwezi na mwenye mita akaondolewa katika kundi la watumiaji wadogo, akaanza kulipia kama shilingi 356 kwa uniti badala ya 122. Ndugu na majirani wamegombana kwa ajili hiyo. Wapangaji nao wanalipa kodi ya nyumba zisizo zao, maana anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na huku kwetu hakuna mpangaji mwenye ubavu wa kumwambia mwenye nyumba amrudishie.

Watu wa Buha, yaani nchi ya Waha huku Kigoma, tunaijua kodi isiyoangalia uwezo wa mtu. Tangu kodi ya nyumba ya Wajerumani hadi ile ya Waingereza, babu zetu waliondoka hapa kwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba, ili tu wapate fedha taslimu za kulipa. Serikali yetu wenyewe ilitambua ubaya wa kodi ya namna hiyo ilipofuta kodi ya maendeleo mwaka 2003, ikaiita miongoni mwa kodi za kero. Sisemi kwamba kodi ya majengo ya leo ni sawa na zile. Nasema tu kwamba kufuta au kurekebisha tozo inayomwangukia asiye na kitu si jambo geni wala si fedheha kwa serikali.

Ombi langu la kwanza, na lingetosha hata likiwa peke yake, ni kwamba msamaha wa wazee usiombwe na mzee, bali utolewe na serikali yenyewe. Tarehe zetu za kuzaliwa ziko kwenye kitambulisho cha taifa, namba za mita ziko TANESCO, shirika la umeme, na mtendaji wa mtaa pamoja na mwenyekiti wake wanazijua nyumba zote wanazoziongoza, nani anaishi humo na nani amefariki. Wakikaa siku mbili na balozi wa nyumba kumi watatoa orodha ya wazee na wajane wote, isomwe mbele ya mkutano wa hadhara ili asiingizwe asiyestahili, kisha mita hizo ziondolewe kodi. Mahakama isiwe njia ya kupata msamaha wa 18,000.

Pia naomba mkulima aruhusiwe kulipa mara moja kwa mwaka baada ya mavuno, kwa sababu fedha ya maharage haiji kila mwezi kama mshahara, na kwamba wabunge wetu, Bunge la bajeti litakapokutana, waulize kwa nini nyumba ya Kasulu na ya Masaki ziwe na kiwango kimoja.

Kuhusu mama, kikao cha ukoo kimepangwa baada ya kuvuna maharage, ndugu wa Kibondo na wa Uvinza watakapoweza kupata nauli. Hadi siku hiyo ataendelea kukatwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima, mkazi wa Kasulu, Kigoma