Jina la Nyumbani na Jina la Jukwaani

Mwanangu mpendwa,

Jana usiku ulipita moja kwa moja chumbani, nikajua mazoezini hakukwendeka vizuri. Uliniambia neno moja tu ukiwa mlangoni: "Mama, wanataka kunibadilishia jina la mchezo." Leo umetoka kabla sijaamka, kwa hiyo nakuandikia. Barua utaikuta chini ya chupa ya chai.

Najua ulivyolishika jina la Kivuli cha Ukimya. Uliuanza mchezo nalo na ukaumaliza nalo. Mwelekezi wako naye anataka Mauaji Langoni, kwa sababu mnatoka kwenye ukumbi wa kanisa wenye viti 80 mnakwenda Kenya National Theatre, na tiketi lazima ziuzwe. Mswada nimeusoma mara mbili. Ninavyoona mimi, mwelekezi hajakosea kutaka jina jipya. Amekosea jina.

Wewe mwenyewe hapa tulikuita Kadogo mpaka siku ya kukuandikisha shule. Hilo lilikuwa jina la nyumbani, lilitutosha sisi tuliokujua. Kivuli cha Ukimya ni jina la nyumbani vilevile: lilikushika mkono ulipokuwa unaandika usiku. Lakini Jumamosi nilimtajia mama mboga kwa kujivunia, naye alikuwa anakata sukuma wiki. Kisu hakikusimama hata kidogo. Akasema, "Ni ya kanisa?" Mama yule hana kosa. Jina halikumwambia kitu.

Walikutangulia wakubwa katika hili. Arthur Miller, mwandishi wa michezo wa Marekani, alipoanza kuandika habari za yule mchuuzi mzee aliyechoka, aliuita mchezo The Inside of His Head, yaani ndani ya kichwa chake. Hiyo ilikuwa ramani ya mwandishi: alitaka watu waone mawazo ya mtu yakitembea jukwaani. Ulipopanda jukwaani New York Februari 1949 ulikuwa Death of a Salesman, yaani kifo cha mchuuzi. Waandalizi waliogopa neno kifo, wakisema litafukuza wanunuzi wa tiketi. Miller hakulitoa. Ona basi, mtu yuleyule alikubali kuacha jina lililomfaa yeye peke yake, akakataa kuacha lililoufaa mchezo.

Na Lorraine Hansberry, Mmarekani mwenzake, ambaye nampenda zaidi. Yeye alianza na The Crystal Stair, ngazi ya kioo. Maneno hayo ni ya shairi la Langston Hughes ambamo mama anamwambia mwanawe kwamba maisha yake hayajawa ngazi ya kioo. Mimi kama mama ningelipigania jina hilo! Lakini mchezo ulipofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, Machi 1959, mchezo wa kwanza wa mwanamke Mweusi kufika pale, uliitwa A Raisin in the Sun. Ni Hughes yuleyule, shairi jingine, lile linalouliza ndoto iliyoahirishwa hupatwa na nini, je, hukauka kama zabibu juani? Tazama familia ya mchezo huo kwenye ile nyumba ndogo ya Chicago wakingoja dola 10,000 za bima ya baba aliyefariki. Mama anataka nyumba, Walter Lee anataka duka la pombe, Beneatha anataka kusomea udaktari. Ngazi ya kioo ni ya mama peke yake. Swali la ndoto linamgusa kila mmoja wao, na hata sisi tuliokaa kwenye viti.

Kwetu huku, Mwalimu Nyerere alipoitafsiri The Merchant of Venice ya Shakespeare, kichwa cha Kiingereza kilitaja mfanyabiashara mmoja. Yeye mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lililotangaza ujamaa, akakiita Mabepari wa Venisi. Wengi, tena mabepari. Msomaji anaanza kuhukumu kabla hajafungua ukurasa.

Ndiyo maana Mauaji Langoni inanitia hofu. Sijawahi kukusimulia hili. Nikiwa na umri wako niliigiza mama aliyefiwa, na mwandalizi mmoja akaubandika mchezo wetu jina la kuchekesha ili ukumbi ujae. Ulijaa kweli. Watu walikuja kucheka, na wengine walikuja na watoto. Nilipopiga magoti na kufunika maiti kwa leso, mtu akacheka, kisha safu nzima ikamfuata. Hawakuwa watu wabaya. Jina ndilo lililowaahidi kicheko. Niliikunja ile leso mikononi nisijue niendelee au nitoke. Watazamaji wako nao watakuja kutafuta muuaji. Mchezo wako hauna muuaji, una soja, mlinzi wa geti, aliyeambiwa na tajiri asifungue.

Rudi kwenye mswada. Soja anasema mara tatu, "Nimfungulie nani?" Mara ya kwanza anamtania mpangaji aliyechelewa. Ya pili anaogopa kufutwa kazi. Ya tatu mwanawe yuko nje anavuja damu. Neno ni lilelile, na kila mara lina uzito mwingine. Jina lako liko hapo, uliliandika mwenyewe bila kujua.

Uamuzi ni wako, si wangu wala wa mwelekezi. Lakini amua kabla mabango hayajapelekwa River Road kuchapwa, maana jina likishakaa kwenye mabango na tiketi, kulibadilisha ni gharama na ni kuwachanganya watu.

Asubuhi hii nilishuka getini. Soja wetu alikuwa anakunja koti lake la usiku. Nikamwambia mwanangu ameandika mchezo wa soja, unaitwa Nimfungulie Nani? Akazima redio. Akaniuliza, "Na akafungua?"

Sikumwambia. Nimemwahidi tiketi.

Mama yako.