Salamu za Majilio kwa aliye na swali moyoni

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa!

Nawasalimu nyote mlio Nairobi, kutoka Kayole hadi Kangemi. Nawasalimu akina mama mboga mnaodamka alfajiri kwenda Marikiti, na vibarua mnaosubiri kuitwa milangoni pa viwanda vya Industrial Area. Nawasalimu wazazi ambao hata Krismasi haijafika na tayari mnawazia karo ya Januari.

Siwezi kuwaandikia kwamba mambo ni shwari. Unga, kodi ya nyumba, tokeni za stima, na ile nauli ya kwenda ushago inayopanda Desemba kila mtu akikimbilia kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus. Wengi watabaki mjini, na si kwa kupenda. Kuna waliobomolewa nyumba kando ya mto, Mathare na Mukuru, baada ya mafuriko ya 2024. Kuna wazazi waliozika watoto wao baada ya maandamano ya Juni mwaka huo huo, na kwao sikukuu imekuwa siku ya kuvumilia ipite.

Kwa hiyo nawaletea Yohana Mbatizaji. Tumezoea kumsikia akipaza sauti nyikani, lakini Mathayo 11 inamkuta gerezani mwa Herode, kwa kosa la kumwambia mtawala ukweli. Akiwa humo aliwatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu: “Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?” Huyu ndiye aliyembatiza Yesu mtoni Yordani, naye anauliza! Katika Mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, Kanisa husoma Injili hiyo Dominika ya tatu ya Majilio, siku ile ile ya mshumaa wa rangi ya waridi tunapoambiwa tufurahi. Hunigusa kila inaposomwa. Basi mwenye swali asidhani amepungukiwa imani. Aje nalo misani.

Yesu hakumkemea Yohana, wala hakumtumia maneno matamu. Aliwaagiza wale wajumbe wakamweleze waliyoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Mfungwa alipelekewa ushahidi. Hapo ndipo sisi wa jumuiya tunapohitajika, maana aliyekata tamaa mtaani ameshasikia mahubiri ya kutosha ya vipaza sauti.

Yohana huyo huyo, katika Luka 3, alisema mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na watoza ushuru akawaonya wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Hili la pili nawasihi walio ofisini walisikie, kwa sababu watu wameumia. La kwanza ni letu sote. Mkipika chapati tarehe 25, mtumeni mtoto na sahani mlango wa pili kabla hamjaketi kula. Sare iliyombana mwanao ipelekeni kwa anayerudi shule bila sare. Na jirani aliyefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi, msimpite kwenye ngazi mkitazama simu. Muulizeni amelala wapi.

Nawatakia Majilio mema na Krismasi yenye amani. Mungu awafikishe salama wanaosafiri, awafariji waliofiwa, awape kazi wanaoitafuta, na awakumbuke walio magerezani, Kamiti na Lang'ata. Tukutane Misa ya mkesha.