Kabla Hujaviweka Juu ya Rundo

Morogoro,
2 Machi.

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, tunaugulia joto tu tukingojea mvua. Barua yako nimeipata pamoja na orodha. Vitabu 23 kwa mkupuo mmoja! Vipya 11, mitumba 12, na unauliza uvipangeje kwenye rundo lako la kusoma hapo kando ya kitanda. Shoga, usivipange bado. Boksi lisivuke mlango wa chumbani, maana wewe uko Tanga, bahari unaisikia ukiwa kitandani, na masika ndiyo hayo yanabisha hodi, na unyevu huo ndio unaoleta wadudu na ukungu vitabuni.

Lifungulie barazani, mchana, penye mwanga. Boksi lenyewe litoke nyumbani siku hiyohiyo. Mende hupenda kutaga kwenye mikunjo yake, na vifuko vyao vya mayai ni vya kahawia, havifiki hata sentimita moja na nusu, kwa hiyo mtu huvidhania takataka. Halafu chukua kitabu kimoja kimoja, ukigongegonge taratibu juu ya karatasi nyeupe. Kikidondosha unga laini, ndani kuna mdudu anayetoboa. Kagua na mgongo wa kitabu na kingo za jalada. Ukiona pamekwanguka, rangi imeliwa lakini karatasi haijatoboka, hapo amepita yule mdudu mwembamba wa rangi ya fedha mwenye mikia mitatu. Anachotafuta ni wanga, na gundi za zamani zimejaa wanga. Ndiyo maana mitumba yenye umri ndiyo ya kuogopa zaidi.

Chenye dalili, dawa yake ni baridi. Kitie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, kisha tia mfuko wa pili. Kilaze kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Friza la kulala, lile la kuwekea samaki, linafaa. Kile kisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja hakifai, kwa sababu baridi yake ni ndogo, na mdudu aliyepozwa nusunusu huamka. Umeme ukikatika friza likayeyuka, anza kuhesabu upya. Na ukikitoa usikifungue kwa pupa. Kiache ndani ya mifuko siku nzima ili umande uote nje ya plastiki badala ya kurasani. Watu wengi huharakisha hapo, kisha wanalaumu friza.

Utaambiwa uweke vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kabati la nguo. Mimi siviafiki. Mvuke wake ni sumu, na kwa mtoto mchanga aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD unaweza kuvunjavunja chembe nyekundu za damu. Karafuu nayo weka kabatini ukitaka harufu, lakini usiichomeke kati ya kurasa, kwani mafuta yake huacha doa lisilotoka.

Ukungu ni habari nyingine. Ukiugusa ukapakaa na una unyevu, bado uko hai. Tenga kitabu hicho peke yake, kisimamishe kurasa zikiwa zimetawanyika kidogo, mahali pakavu penye upepo wa feni, kivulini. Ukishakauka ukawa vumbi, nenda nje, vaa barakoa, simama upepo ukupige mgongoni, upanguse kwa brashi laini kuanzia mgongo wa kitabu kwenda nje. Kitambaa kibichi usikiguse kabisa. Utakuwa unaunywesha maji. Jua kali pia uliache. Karatasi za bei nafuu hugeuka manjano kwa mwanga, na gundi ya mgongoni hukauka ikapasuka. Madoa ya kahawia yatakayobaki, yaache yalivyo, hayali kitu.

Sasa hivyo vipya. Usidhani upya ndiyo uzima. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa ikawa kurasa 16, pengine 8 au 32, kisha mikunjo inapangwa kwa mfuatano na kubandikwa. Mpangaji akiruka mkunjo mmoja, kurasa 16 nzima hazipo. Akiuchukua mara mbili, utazisoma tena. Akiugeuza, utazisoma kichwa chini. Kwa hiyo pekua namba za kurasa kuanzia mwanzo hadi mwisho, siku hiyohiyo uliyopokea, risiti ikiwa bado mezani. Usitegemee kwamba kosa litakuwa hasa kati ya 16 na 17, kwa sababu zile kurasa za mwanzo za jina na yaliyomo nazo huhesabiwa kwenye mkunjo. Angalia tu wapi namba inaruka. Muuzaji atakubadilishia kitabu cha wiki hii. Cha miezi sita iliyopita atakuuliza ulikuwa wapi. Herufi zikiwa za kijivu, mistari imekwenda upande na ukingo wa ndani umemeza mwanzo wa maneno, hiyo ni nakala iliyodurufiwa, na pesa ya mwandishi haikumfika.

Kitabu cha gundi usikipasue katikati ukakikandamiza. Kisimamishe mezani kwa mgongo, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu kurasa kama kumi kutoka mbele, kumi kutoka nyuma, ukizipapasa kwa kidole karibu na mgongo, mpaka ukutane katikati. Dakika tatu tu. Kilichoshonwa kwa uzi kinavumilia zaidi, lakini nacho kifungue hivyohivyo.

Kabla hakijaingia kwenye rundo, kila kimoja kipate kipande cha karatasi ndani ya jalada. Andika kwa penseli, kwani wino wa kalamu hupenya karatasi ikipata unyevu. Pini na vibanio vya chuma usitumie, kwa pwani kutu ni suala la miezi tu. Andika tarehe, kimetoka wapi, na sentensi moja ya kwa nini ulikitaka. Hiyo sentensi ndiyo kazi yote. Baada ya mwaka utakishika kitabu usikumbuke nani alikusifia wala ulitafuta nini ndani yake, na kitabu kisicho na sababu hushuka chini ya rundo chenyewe.

Tena tupige hesabu. Ukisoma kurasa 25 kila usiku, kitabu cha kurasa 200 ni usiku nane. Vitabu 23 vya namna hiyo ni usiku 184, yaani nusu mwaka, bila kugusa vile ulivyokuwa navyo. Ndiyo maana kando ya kitanda naomba viwe vitano tu, vingine vingoje kwenye rafu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ni kweli, lakini wewe kila kitabu kigeni unakipa kiti cha mbele, na wenyeji wanaozea chini. Kipya kiingie kwa chini. Kinachoruhusiwa kuruka foleni ni cha kuazima chenye tarehe ya kurudishwa, na hapo sina mjadala.

Kwenye orodha yako nimeona Nagona na Mzingile, riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi. Vyote ni vyembamba, lakini viweke pamoja, Nagona (1990) kikiwa juu, Mzingile (1991) chini yake. Vile viwili vya tenzi vitoe kabisa kwenye rundo. Ubeti wa mistari minne ya mizani nane hausomwi mbio kama riwaya. Weka mezani, soma beti ishirini kwa sauti baada ya chai ya jioni, basi. Kamusi nayo kaa nayo karibu, isihesabiwe.

Rundo lenyewe lilaze, kikubwa chini, juu ya meza au ubao ulioinuka, si sakafuni. Mchwa hutoka sakafuni, na hata maji. Liache nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani, hasa ukuta unaopigwa na mvua ya kusi. Rafuni usivibane, kama unalazimika kukivuta kitabu kwa kukishika kichwa cha mgongo, vimezidi, na hapo ndipo mgongo unapochanika.

Ukikuta kilichoruka kurasa na muuzaji akakataa, nitumie jina la kitabu, mwaka wa toleo na namba za kurasa zinazokosekana. Vingine ninavyo hapa, nitakupigia picha hizo kurasa uzichomeke. Na kile cha safari za majahazi ukimaliza, usimwazime mtu mwingine kabla yangu.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Mwanaidi