Si joto la kaskazi linaloua maua ya Disemba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua, maana msimu umeshaingia. Tangu skuli zifungwe hadi Sikukuu ya Mapinduzi, Januari 12, maua hutafutwa sana Unguja. Mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje yana wageni waliokimbia baridi ya kwao, harusi zinawahiwa kabla ya Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari, na hata nyumba isiyo na shughuli hupenda kuweka japo chombo kimoja mezani. Na kila mwaka huwa yale yale: maua yaliyonunuliwa Ijumaa yanatupwa Jumapili, lawama anabebeshwa kaskazi na joto lake.

Joto lina fungu lake, hatukatai. Lakini waridi linalokufa siku ya pili, aghlabu limekufa kwa kiu huku limesimama ndani ya maji. Shina lililokatwa hunyonya kwa mirija myembamba mno. Likikaa nje, hewa huingia kwenye mirija hiyo na kuiziba, na hata ukilitia majini baadaye maji hayapandi. Mawaridi ya mashina marefu yanayouzwa hapa huletwa kutoka Bara, kwenye nyanda za baridi kama Arusha, na mengine Naivasha nchini Kenya. Mpaka yashuke botini Malindi, bandari yetu ya hapa mjini, ncha zake zimeshakauka.

Kwa hivyo kazi ya kwanza, kabla ya kutafuta chombo kizuri, ni kuzikata ncha hizo upya: sentimita 2 hadi 3, mshazari, kwa kisu kikali, shina likiwa limezamishwa kwenye beseni la maji. Mkasi wa nguo haufai. Huiminya mirija badala ya kuikata. Ondoa majani yote yatakayozama, yasimamishe maua kwenye ndoo yenye maji ya kufika nusu ya shina, yazungushie gazeti (hili hili, likishasomwa), kisha yaache kwenye chumba chenye kiza na ubaridi kwa saa nne, au usiku kucha ikiwezekana. Wapambaji wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya shughuli, nayo ndiyo inayoamua kama waridi litakaa siku mbili au wiki.

Waridi lililoinamisha kichwa bado linaokoleka ikiwa halijalala hivyo siku nzima. Likate tena sentimita 3, lifunge kwa gazeti kwa kulibana ili shingo inyooke, ulitie kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayastahimili, yafike karibu na kichwa. Kwa kawaida baada ya saa moja au mbili husimama. Lisiposimama, lichambue petali uzitawanye kitandani. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwake.

Maji nayo yana lake. Kwa joto letu vijidudu huzaana upesi, na ule utelezi unaouhisi ukipitisha kidole ndani ya chombo ndio unaoziba shina mara ya pili. Chombo kioshwe kwa sabuni na brashi kila mara, si kusuuzwa tu. Kwa kila lita moja ya maji tia kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya ndimu na robo kijiko ya jiki. Sukari ni chakula, ndimu huyafanya maji yapande shinani kwa wepesi, jiki huzuia vijidudu. Ukitia sukari peke yake umewalisha vijidudu, na kesho yake chombo kitanuka. Tia jiki kwenye maji kwanza, koroga, ndipo utie ndimu. Usivichanganye viwili hivyo vitupu bila maji, kwani hutoa hewa ya sumu. Badilisha maji kila siku na ukate sentimita moja ya shina. Ushauri wa kubadilisha kila baada ya siku mbili au tatu ni wa nchi za baridi, hapa hautufai. Na maji ya kisima ambayo ulimi unaonja chumvi yasitumike kabisa, kwa chombo wala kwa chungu. Bora maji ya mvua ya vuli yaliyokingwa kwenye pipa.

Sasa tuje kwenye embe, maana hapa ndipo tunapoona maua mengi yakipotea bila mtu kujua sababu. Disemba ni msimu wa maembe, na meza ya wageni huwekwa sahani ya matunda hapo hapo penye maua. Kila mtu wa hapa anajua kuvundika: ndizi mbichi zikifungiwa pamoja na tunda lililoiva, nazo huiva upesi. Kinachofanya kazi hiyo ni hewa itokayo kwenye tunda, inayoitwa ethilini, na hewa hiyo hiyo hulizeesha ua. Kanesheni hujikunja kwa ndani kama limesinzia na halifunguki tena. Okidi hulegea na kuangusha matumba kabla hayajachanua. Mawaridi hutofautiana, mengine huvumilia, mengine hupukutisha petali siku ile ile. Moshi una ethilini pia, kwa hiyo chumba kilichofungwa kikafukizwa udi kwa saa nzima huku makanesheni yamo ndani, kinayavundika. Hatusemi watu waache udi, hasha! Fukiza kwanza, fungua madirisha moshi utoke, ndipo uingize maua. Matunda yakae jikoni au upande wa pili wa ukumbi.

Nyumba nyingi za wageni huyalaza maua kwenye friji ya jikoni, pamoja na mapapai na mananasi. Hapo makosa ni mawili kwa pamoja. La kwanza ni hiyo ethilini, iliyofungiwa ndani ya sanduku. La pili ni baridi yenyewe: waridi hupenda nyuzi 2 hadi 4, lakini maua ya nchi za joto kama helikonia, anthuriamu na tangawizi nyekundu ya mapambo huungua kwa baridi chini ya nyuzi 12 hivi. Siku ya pili hutoka na mabaka meusi, na mnunuzi hudhani ameuziwa ya zamani. Haya yanatosheka na kivuli na kunyunyiziwa maji. Kwa hoteli ya pwani, tangawizi nyekundu iliyokatwa alfajiri katika mashamba ya hapa hapa hudumu wiki na zaidi, na bado watu hulipia mawaridi ya kupanda boti. Maua ya mkrismasi, ule mti mwekundu unaowaka barabarani mwezi huu, yaachwe mtini. Matawi yake yakikatwa huporomosha petali kabla ya jua kutua.

Kuhusu sponji ya kijani ya kuchomekea maua, iache izame yenyewe ndani ya maji. Ukiisukuma kwa mkono hubaki na hewa katikati, na shina lililochomekwa hapo halipati tone. Ikishakauka mara moja haishiki maji tena, na taka yake haiozi, jambo ambalo kisiwani si dogo. Wavu wa kuku uliokunjwakunjwa ndani ya bakuli hufanya kazi ile ile miaka na miaka. Kipande cha shina la mgomba nacho hushika maua vizuri kwa shughuli ya siku moja, ila kiwekwe juu ya sinia: utomvu wa mgomba ukigusa kitambaa cheupe, doa halitoki.

Asumini ina sheria zake. Huchumwa alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, matumba yakiwa meupe na yamejaa lakini hayajafunguka. Yaliyo bado na ukijani hayatachanua hata ukiyasubiri. Sindano ipite kwenye kikonyo, si katikati ya ua, la sivyo hugeuka rangi ya hudhurungi pale ilipotobolewa. Ukishatunga, tandaza juu ya kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa, ufunike kwa jani la mgomba. Usiimwagie maji wala usiifunge kwenye mfuko wa plastiki: maji yakituama juu ya petali huacha madoa, na mfuko huivukisha. Itafunguka baada ya magharibi, ikiwa tayari kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya harufu. Rihani ya kutilia humo isimamishwe kwenye gilasi ya maji mpaka dakika ya mwisho, kwani hunyauka mbele ya vyote. Langilangi huchumwa asubuhi mapema, likishageuka manjano. La kijani bado halijatia harufu.

Anayetaka asumini na mawaridi ya nyumbani kwake yachanue kwa tarehe anayoitaka, ahesabu kurudi nyuma. Yote mawili huchanua kwenye machipukizi mapya. Ukipunguza matawi kwa thuluthi moja, ukatia samadi iliyooza na kumwagilia vizuri, maua hurudi baada ya wiki sita hadi nane. Wa Krismasi hupunguza mwanzoni mwa Novemba. Anayekata wiki hii, mwanzo wa Disemba, bado ana nafasi ya Mapinduzi, na kwa harusi za mwisho wa Januari ana nafasi ya kutosha.

Bustani za pwani ya mashariki na kaskazini zina taabu ya pekee: kaskazi huzivumia moja kwa moja kutoka baharini na rasharasha ya chumvi. Dalili yake ni ncha za majani kuungua upande mmoja tu, ule unaotazama bahari. Osha majani kwa maji matamu asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Ardhi ya maweni nayo ina chokaa nyingi, hivyo waridi na asumini huwa na majani ya manjano yenye mishipa ya kijani. Watu wakiona hivyo huongeza mbolea ya chumvichumvi na kuzidisha tatizo. Kinachokosekana ni chuma, ambacho mmea hauwezi kukichukua penye chokaa. Panda kwenye vyungu, kwa udongo wa mashamba ya magharibi uliochanganywa na mboji nusu kwa nusu. Makumbi yanafaa kuchanganyia, mradi ujue yametoka wapi. Yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusukia kamba yamelewa chumvi, lazima yaloweshwe na kumwagwa maji mara tatu au nne.

Chungu kilichowekwa juu ya sakafu ya saruji kiinuliwe kwa vijiti au mawe, kwani joto la sakafu hupika mizizi. Kimwagiliwe mpaka maji yatoke chini. Mbogenvilia ni kinyume chake: ukiunywesha kila siku na kuupa mbolea, utakupa majani matupu. Uache udongo ukauke mpaka majani yaanze kulegea kidogo, ndipo umwagilie, nao utajaa rangi.

Mwisho, poinsetia, lile la majani mekundu ambalo baadhi ya mahoteli huliagiza kwa ajili ya Krismasi. Asili yake ni Mexico, na huwa jekundu pale usiku unaporefuka. Huko Kaskazini ya dunia usiku mrefu ni wa Disemba. Kwetu Disemba ndiyo yenye mchana mrefu, takriban saa 12 na nusu, na usiku mrefu zaidi ni wa Juni. Ndiyo maana poinsetia la mwaka jana linabaki kijani Disemba hii, na mwenyewe anadhani ameshindwa kulitunza. Kulilazimisha kunawezekana: tangu mwanzo wa Oktoba lifunikwe kwa sanduku lisilopitisha mwanga kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi, kila siku, kwa wiki nane hadi kumi. Taa ya kibarazani ikimulika usiku mmoja mmoja, rangi huchelewa. Hata hivyo usiku wetu wa joto huichelewesha rangi hiyo, na kwa maoni yetu haistahili tabu yote hiyo.

Anayelinunua mwaka huu achague lenye vitumba vya manjano vya katikati ambavyo havijafunguka, maana hivyo ndivyo maua yenyewe, yale mekundu ni majani. Karatasi ya kung'ara iliyozungushiwa chungu itobolewe chini, kwani maji hutuama humo na kuozesha mizizi. Liwekwe mbali na pumzi ya kiyoyozi. Januari likipukutika, likatwe kwenye kimo cha sentimita 15 hadi 20, kwa glavu, kwani utomvu wake huwasha ngozi na macho, kisha lipandwe ardhini mahali ambapo taa za usiku hazifiki. Litakuwa jekundu Juni au Julai, wakati wa kipupwe, bila kufunikwa na sanduku lolote.

Ni sisi,
Watunza bustani na wapambaji wa maua,
Mjini, Unguja