Barua kwa mwanangu: Makala yako iliyoondolewa gazetini

Mwanangu mpendwa,

Gazeti la shule yenu limenifikia jana. Nilikwenda moja kwa moja ukurasa wa tatu, nikakuta picha ya timu ya mpira wa kikapu pale ilipopaswa kukaa makala yako. Wameikuza mpaka sura za wachezaji hazionekani vizuri, ili tu pengo lizibwe. Niliumia, sikufichi.

Uliniuliza kwenye simu kama mkuu wa shule ana haki ya kuiondoa makala yako. Mwaka 1983, katika shule ya Hazelwood East huko Missouri, wanafunzi waliandika kuhusu mimba za wasichana wa shule na talaka za wazazi. Mkuu wao aliona muda wa kurekebisha haupo, akaondoa kurasa mbili nzima, na habari nyingine zisizo na kosa zikaondoka nazo. Walishtaki. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji watano kwa watatu, ilimpa ushindi mkuu: gazeti likiwa sehemu ya masomo, shule yaweza kulihariri ikiwa na sababu ya msingi ya kielimu.

Mimi hukumu ile siikubali, kwa sababu "ya kielimu" ni neno pana mno mikononi mwa mtu mwenye hofu. Ila hoja moja ya yule mkuu ina uzito: katika habari ya talaka, baba mmoja alilalamikiwa na hakupewa nafasi ya kujibu. Wewe je, uliyemtaja ulimuuliza? Kama bado, mtafute kesho.

Usidhani umefungwa mdomo. Mary Beth Tinker alikuwa na miaka 13 aliposimamishwa shule huko Iowa kwa kuvaa kitambaa cheusi mkononi, akiomboleza waliokufa Vietnam. Mwaka 1969 mahakama hiyohiyo ilimpa haki. Unachosema kwa jina lako, bila kuvuruga masomo, hakipimwi kwa kipimo cha gazeti la shule. Tena yako majimbo, California tangu 1977, yenye sheria inayowalinda wanafunzi waandishi zaidi ya hapo. Muulize mwalimu mlezi wa gazeti kuhusu jimbo lenu, kisha mwombe mkuu, kwa heshima, akupe sababu zake kwa maandishi.

Msalimie shangazi yako. Na nitumie hiyo makala; mpaka leo sijaisoma.

Mama yako