Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ya chama chetu cha wasikilizaji wa redio nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2025. Mambo ya fedha yamo katika taarifa ya Mweka Hazina, nami sitayarudia. Itoshe kusema chama hakidaiwi, na ada zinalipwa, ingawa wapo wanaozikumbuka mkutano unapokaribia tu.

Mwaka tuliuanza kwa ukimya. Tarehe 31 Desemba 2024, SRG SSR, shirika la utangazaji la umma la Uswisi, lilizima mitambo yake ya FM na kubaki na redio ya kidijitali na intaneti. Norway ilikwisha kufanya hivyo kwa vituo vyake vya kitaifa mwaka 2017. Kisha Machi pigo likatua kwenye masafa mafupi: karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika, kituo kilichokuwa hewani tangu 1942, walipewa likizo ya lazima, na idhaa zake nyingi zikanyamaza ghafla. Baadhi yenu mliniuliza kama antena zenu zimeharibika. Antena zilikuwa nzima.

Tukiulizwa kwa nini vituo vinaondoka hewani, wengi hujibu kwamba ni gharama. Ni kweli, mtambo wa masafa mafupi wa kilowati 250 hula umeme usio mdogo. Lakini kwa maoni yangu gharama ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba sisi hatuhesabiki. Anayesikiliza kwa simu huacha alama: alifungua saa ngapi, alidumu dakika ngapi, aliondoka wapi. Mkurugenzi huzipata takwimu hizo asubuhi zikiwa mezani. Mwenye redio ya betri haachi alama yoyote, na bajeti inapokatwa, asiyeonekana kwenye jedwali huchukuliwa kuwa hayupo.

Ajabu ni kwamba hilo hilo ndilo linalotufanya tung'ang'anie redio. Hakuna anayejua unasikiliza nini. Huulizwi nywila, bando haliishi katikati ya habari, na watu wakiwa milioni moja au mia moja, mtambo ni ule ule na hauelemewi. Serikali ikizima intaneti ya nchi nzima, kituo kilicho ng'ambo ya mpaka kinaendelea kusikika. Atakayetaka kukiziba itambidi arushe kelele juu ya masafa yake, kazi ya gharama inayosikika na kila mtu.

Wenye vituo wenyewe wanalijua hilo, ila hulikumbuka mambo yakiharibika. Januari 2023 BBC ilifunga redio yake ya Kiarabu iliyoanza mwaka 1938. Mei mwaka huo huo, vita vikiwa vimezuka Sudan, ikaanzisha matangazo ya dharura kwa Kiarabu kwenye masafa mafupi. Novemba ikaongeza ya Gaza kwenye masafa ya kati. Na mwaka huu, tarehe 28 Aprili, umeme ulipokatika karibu Hispania na Ureno nzima na simu zikaanza kupoteza mtandao, watu walikimbilia madukani kununua redio za betri.

Sasa nije kwenye adui aliye ndani ya nyumba zetu, maana huyu tunamweza. Malalamiko mengi yaliyoifikia kamati mwaka huu hayakuhusu vituo vilivyofungwa bali mikwaruzo. Taa za LED, chaja za simu, vigeuzi vya umeme wa jua: vyote hutoa kelele inayomeza masafa ya kati na mafupi. Kabla ya kununua redio mpya, zima swichi kuu ya nyumba na usikilize kwa betri. Kelele ikitoweka, rudisha umeme na uchomoe kifaa kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Ikibaki, inatoka nje, na hapo antena ya kitanzi husaidia kwa sababu unaweza kuizungusha mpaka kelele ipungue na kituo kibaki.

Jua nalo liko upande wetu kwa sasa. Oktoba 2024 wanasayansi walitangaza kwamba limefika kwenye kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11, wakati ambapo anga la juu hurudisha vizuri mawimbi ya masafa mafupi, kwa hiyo bendi za mita 13 na 16 bado zinafunguka vizuri mchana. Zitumieni kabla hazijafifia.

Kuhusu ubishi kama kituo kilichosikika kwa vipokezi vya mbali, yaani redio za watu wengine zinazoendeshwa kupitia intaneti, kihesabiwe: mfano ni kile cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kinachosikilizwa hivyo tangu 2008. Kamati imeamua kuvikubali, mradi ripoti itaje kipokezi kiko wapi. Anayevitumia kisha akadai amekinasa kituo kwa antena yake hatatambuliwa katika orodha yetu ya mwaka ya vituo vilivyonaswa.

Pendekezo kubwa la kamati linahusu ripoti za mapokezi, yaani barua za kukieleza kituo jinsi kilivyosikika. Tumezizoea kama njia ya kupata kadi za QSL, ambazo kituo hutuma kuthibitisha kwamba umekisikia, na mimi pia nazipenda kadi hizo. Lakini ripoti ni njia pekee ya msikilizaji wa hewani kujihesabisha, kwa hiari yake. Kampuni ya magari ya Ford ilipotangaza kuondoa redio ya AM (masafa ya kati) kwenye magari yake mapya, malalamiko yalifika kwa wabunge wa Marekani, na Mei 2023 kampuni ikabadili uamuzi. Tunaomba kila mwanachama aandike kwa vituo anavyovipenda, hata visivyotoa kadi: tarehe, saa kwa UTC (saa ya kimataifa), masafa kwa kilohezi, alama za SINPO (za kupima ubora wa usikivu), na maelezo ya kipindi chenyewe. Nakala iende kwa wahariri wa kipindi pia, si kwa mafundi peke yao. Mafundi wanajua tupo.

Ratiba mpya za masafa zitaanza Jumapili ya mwisho ya Machi, na mratibu wetu wa ratiba ameomba kupumzika. Anayeweza kuichukua kazi hiyo ampe Katibu jina lake kabla ya uchaguzi wa kamati, ambao ni ajenda inayofuata.