Karatasi ya maabara ya Mariamu

Kampala

Dada yangu mpendwa Zainabu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Arua. Barua yako nimeisoma mara tatu, na naona maswali yako yote yanarudi kwenye moja: je, saratani ya titi iliyompata dada yako Mariamu akiwa na miaka 36 ni ya ukoo, na kama ndivyo, wewe na binti zako mko katika hatari gani? Mimi si daktari. Nilimuuguza mama yangu katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, na huko ndiko nilikojifunza kusoma karatasi za maabara, kwa kulazimika.

Unasema karatasi ya Mariamu inataja uvimbe wa daraja la 3, yaani seli zake zimebadilika sana na zinagawanyika kwa kasi, na kwamba vipokezi vya estrojeni na vya projesteroni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni hizo za kike, pamoja na protini ya HER2 inayochochea seli kukua, vyote ni hasi, yaani havikuonekana kwenye uvimbe. Ndiyo sababu hakupewa vidonge vya tamoksifeni, ambavyo hufanya kazi pale tu penye vipokezi vya homoni, akaanzishiwa kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani. Lakini sura hiyohiyo ya uvimbe ndiyo inayoonekana mara nyingi kwa wanawake wenye hitilafu katika jeni iitwayo BRCA1, ilhali uvimbe wa wenye hitilafu ya jeni nyingine, BRCA2, kwa kawaida huwa na vipokezi vya homoni na hautofautiani sana na wa watu wengine. Usikimbilie hukumu, hata hivyo, kwa kuwa saratani ya hasi tatu, kama hii isiyo na vyote vitatu, huwapata zaidi wanawake wa asili ya Kiafrika, na wengi wao hawana hitilafu hiyo.

Jambo lililonishtua katika barua yako ni kwamba umehesabu wagonjwa wa upande wa mama tu. Hitilafu ya jeni hizi hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama, na mwanamume anaweza kuibeba hadi uzeeni bila kuugua, huku kila mtoto wake akiwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Ajabu yake ni kwamba hapa Buganda ssenga, yaani shangazi, ndiye anayemfunza msichana mambo ya mwili wake, lakini hospitalini tukiulizwa habari za ukoo tunamsahau. Shangazi yenu aliyefariki kijana kwa kile mlichokiita uvimbe wa tumbo, ulikuwa wapi hasa? Kama ulikuwa wa ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi, daktari wa Mariamu anapaswa kujua, kwa sababu hitilafu ya BRCA1 huweza kuleta saratani zote mbili, ya titi na ya ovari.

Kuhusu kipimo cha jeni, aanze Mariamu, si wewe. Akikutwa na hitilafu, wewe utapimwa hiyohiyo moja, na usipokuwa nayo unaweza kupumua. Lakini ukipimwa wewe kwanza na kisionekane kitu, hutajua kama umeepuka au kama ukoo wenu una jambo ambalo kipimo hakilioni. Wanaobeba hitilafu ya BRCA1, takriban 7 kati ya 10 huugua saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80. Hata bila hitilafu hizo, mwenye dada au mama aliyeugua ana hatari inayokaribia mara mbili ya wengine, kwa hiyo uchunguzi wa matiti usiuahirishe. Binti zako bado wadogo, waache wasome.

Sisi hatutajua kamwe habari za mama. Hospitali ya kwanza ilimkata titi na nyama yake haikupelekwa maabara, wala hatukujua kwamba tulipaswa kuuliza. Kwa hiyo tafadhali tengeneza nakala mbili za karatasi ya Mariamu, moja ikae kwako, na ukipanda basi la kuja huku uje na ile halisi. Kabla ya hapo, kaa na mzee wako umuulize habari za dada zake, mmoja baada ya mwingine.

Wako,
Halima